Usisome, Baba

Mpaka saa nne asubuhi ya Jumamosi ile, karani wa shule angeweza kuapa kwamba mume wake hana kona asiyoijua. Alijua anavyokoroma akilalia ubavu wa kushoto. Alijua jino linalomsumbua akinywa maji ya baridi. Alijua hata uongo wake, maana ulikuwa mmoja tu: kusema ameshiba wakati hajashiba, ili binti yao aongezewe. Walikuwa na miaka kumi na minne ya ndoa, na mtu huyo hakuwahi kumpandishia sauti hata siku moja.

Mume alikuwa fundi wa mageti. Watu walimfuata kutoka mitaa ya mbali kwa ajili ya maandishi yake: ukitaka jina la ukoo wako likae juu ya geti kwa herufi za chuma zilizonyooka, zisizolegea wala kupishana kimo, ulikwenda kwake. Mteja akileta jina kwa mdomo, fundi alirudi nyumbani na karatasi tupu. "Mama Kidoti, niandikie hapa, herufi kubwa. Mwandiko wako una adabu." Karani aliandika, na kila mara moyo ulimchanua kidogo. Ni wanawake wangapi wanaosifiwa mwandiko na waume zao?

Binti yao walimwita Kidoti, kwa alama nyeusi iliyokaa juu ya mdomo wake kama aliyeguswa na ncha ya kalamu. Alikuwa anatimiza miaka kumi na moja, na zawadi yake ilitoka kwa mjomba wake, mdogo wake karani, muuza bima asiyekuwa na mke wala subira. Mjomba alikuwa ameambukizwa ugonjwa mpya wa mjini: vyumba vya mafumbo. Mnafungiwa ndani saa nzima, mnatafuta vidokezo, mnafungua kufuli moja baada ya jingine, mpaka mnautoa ufunguo wa mlango mkubwa. Mkishindwa, mnafunguliwa kwa huruma. Alikuwa ameshafungiwa mara tisa.

"Yaani mtu anaomba mwenyewe afungiwe?" fundi aliuliza walipokuwa wamekaa kwenye benchi la kusubiria. "Mimi nimezoea kuwafungia watu nje."

"Shemeji, wewe ngoja tu. Ila lazima kiwe chumba kizuri. Chumba kizuri hakikuulizi kitu cha nje. Kila unachohitaji kimo humo humo. Kuna kimoja waliniuliza mji mkuu wa nchi sijui gani. Sasa ningetaka mtihani si ningerudi shule?" Mjomba alikuwa ameshika vidole vyake akihesabu. "Halafu, kila kitu kilichomo lazima kiwe na kazi. Mwezi uliopita tulihangaika na darubini dakika ishirini, kumbe pambo. Nilitoka nimenuna mpaka kesho yake. Na la mwisho, kila mtu apate cha kufanya. Mmoja akikalia kila kitu, wengine wanabaki kushika kuta."

"Kama wewe," alisema dada yake.

"Kama mimi," alikiri Mjomba, na Kidoti akacheka.

Msimamizi wa nyumba ile alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kamba ya funguo shingoni. Vyumba vyote vitatu alivibuni mwenyewe, na aliviongelea kama mtu anayeongea juu ya watoto. Alikusanya simu zao kwenye kisanduku. Aliwaonyesha kitufe cha kijani kando ya mlango: ukikibonyeza, kila kitu kinafunguka na mchezo umekwisha, hakuna maswali. Mkikwama, inueni mkono, kidokezo kitatokea kwenye skrini.

"Hutuambii kwa mdomo?" fundi aliuliza.

"Spika za ndani zimekufa tangu juzi, samahani sana. Mimi nawasikia na kuwaona, nyinyi hamnisikii. Nitawaandikia."

Fundi alitikisa kichwa polepole. Karani alikuja kukumbuka baadaye kwamba mumewe alikitazama kile kitufe cha kijani muda mrefu kuliko wenzake.

Chumba kilikuwa posta ya zamani. Kulikuwa na kaunta ya mbao, mizani ya kupimia vifurushi, mihuri, visanduku vya barua ukuta mzima, na kabati pana la droo ndogo ndogo upande wa dirisha la uongo. Hadithi yake ilikuwa kwamba mkuu wa posta ametoweka na barua moja isiyofika, na kazi yao ni kuipata kabla saa haijaisha. Juu ya mlango tarakimu nyekundu zilianza kurudi nyuma kutoka sitini.

Nusu ya kwanza haikuwa na raha. Mjomba alirukia kaunta na hakuiachia. Kidoti alipookota bahasha chini ya mizani, ilinyakuliwa mkononi mwake kabla hajaifungua. Kufuli la kwanza lilikuwa na namba sahihi lakini lilikwama, na walipoteza dakika saba wakidhani wamekosea. Fumbo la mihuri Mjomba alilipata kwa kubahatisha, na hakuna aliyejua kwa nini limekubali. Karani alijikuta akiangalia tarakimu nyekundu kama mtu aliye kwenye kikao cha walimu.

"Shemeji, shika hizi barua, soma upande huo, tafuta tarehe," Mjomba aliamuru.

Fundi alizipokea, akampa Kidoti palepale. "Msaidie mjomba wako." Yeye akarudi kukagua bawaba za mlango wa nyuma, mikono mgongoni. "Hizi wamezichomelea kwa haraka," alisema peke yake.

Mlango huo wa nyuma ulipofunguka, kulikuwa na stoo ya vifurushi, nyembamba kama kabati la nguo, na mkono wa chuma ukutani uliopakwa rangi nyekundu. Skrini iliandika: MMOJA AINGIE, AVUTE.

"Hiyo kazi ya misuli," alisema Mjomba. "Baba mwenye nyumba, zamu yako."

Fundi alifurahi. Aliingia, akakunja mikono ya shati, akauvuta mkono ule mara moja tu. Mlango ulijifunga nyuma yake kwa kishindo, na kufuli la tarakimu nne likawaka kwa nje. Walikuwa wametenganishwa. Ukutani, kimo cha kifua, kulikuwa na tundu la kutumbukizia barua, pana kama kiganja. Karani aliinama. Aliona mkanda wa mumewe na vifungo viwili vya shati.

Skrini ya nje ikaandika: ALIYE NDANI ANA KIBAO. AWASOMEE.

"Safi kabisa!" Mjomba alipiga makofi. "Hili ndilo nililokuwa nasubiri. Shemeji! Kuna kibao humo?"

"Kipo."

"Kisome!"

Karani aliona mkono wa mumewe ukipapasa mfuko wa shati.

"Miwani nimeiacha nyumbani," fundi alisema.

"Herufi ndogo sana?"

"Si ndogo sana."

"Basi sogea karibu, shemeji, dakika zinakimbia! Kwani kimeandikwa kwa Kichina?"

"Kinasema..." Sauti ya fundi ilikuwa ya kawaida, ile ile ya kumwambia mteja geti litakuwa tayari Alhamisi. "Kinasema tufungue kufuli."

"Kufuli lipi?"

"Lile kubwa."

Mjomba alilikimbilia kufuli kubwa la mlango wa kutokea, akalizungusha bila namba, akarudi. "Kubwa halina njia bado. Soma vizuri, neno kwa neno."

Karani aliinama tena kwenye lile tundu. Sasa alimwona mumewe uso, kwa sababu naye alikuwa ameinama kidogo kukitazama kibao. Kilikuwa bati lililopigwa skrubu ukutani, na maneno yaliyochongwa yalikuwa makubwa kama yale ya kwenye mabasi ya shule. Yeye aliona pembe yake tu, herufi mbili tatu za mwisho. Mwanga ulikuwa wa kutosha. Juu ya kibao skrini ndogo iliwaka na kuandika, ikafutika, ikaandika tena kwa herufi kubwa zaidi, ikafutika, ikaandika mara ya tatu. Huko alikokaa msimamizi alikuwa anampigia kelele kwa maandishi. Fundi aliitazama skrini kama mtu anavyotazama mvua.

Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye shavu.

"Baba Kidoti," karani aliita, "unaumwa?"

"Siumwi."

"Mbona husomi?"

Fundi aligeuza macho upande wa mlango, na karani akajua anatafuta nini: kitufe cha kijani. Kulikuwa na kimoja humo ndani pia. Aliona mkono ukiinuka.

"Baba, usibonyeze."

Alikuwa Kidoti. Alisukuma kichwa chake chini ya mkono wa mama yake mpaka mdomo ukafika kwenye tundu. Machozi yalikuwa yameshamtoka, lakini sauti ilikuwa imekaa sawa.

"Baba, usisome," alisema. "Usisome, baba. Nieleze zilivyo. Ya kwanza ikoje?"

Kwanza karani hakuelewa, kisha akaelewa kwa mpigo, kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Akashika ukuta.

"Kidoti," fundi alisema taratibu. "Mama yako yupo hapo."

"Najua. Ya kwanza ikoje, baba?"

Tarakimu nyekundu zilisema kumi na tisa na nusu. Mjomba alikuwa amesimama katikati ya chumba na bahasha mkononi, mdomo wazi.

Ndani ya stoo, fundi alipumua.

"Ya kwanza," alisema, "nguzo. Boriti imelala juu yake."

"T," alisema Kidoti.

"Halafu ringi nzima."

"O."

"Halafu ngazi, ile ya miguu miwili ya kufungua, ina kipingo katikati."

"A. Toa. Baba, umesema toa! Endelea."

"Pengo. Nondo imesimama, na nusu ringi imechomelewa mbele, juu mpaka chini."

"D."

"Nondo nyingine, nusu ringi juu tu, na chini mguu umetanuka. Hii niliiweka kwenye geti la daktari wa meno. Halafu ringi mbili."

"Droo," Kidoti alisema. "Toa droo."

Akaendelea hivyo, na sauti yake ikaanza kupata uzito, kwa sababu hakuna aliyewahi kuziangalia herufi kama yeye. Alitaja manati, akataja bakuli lisilo na kifuniko, akataja bati lililokunjwa mara mbili, paa mbili zilizoungana, ringi iliyokatwa ubavu, nguzo mbili zenye kipingo katikati, kitana cha meno matatu. Hakukosea hata moja. Miaka yote alikuwa amezikata, amezipinda, amezipiga msasa, na hakuna hata moja iliyowahi kumwambia jina lake. Kidoti alizipokea moja moja na kuzitamka, na Mjomba aliziandika nyuma ya bahasha.

TOA DROO YA TATU. TAZAMA CHINI YAKE.

Mjomba alikwenda kwenye kabati, akachomoa droo ya tatu, akaipindua. Tarakimu nne zilikuwa zimechongwa kwenye mbao. Hakuzisoma kwa kelele kama alivyozoea. Alimwonyesha Kidoti, na Kidoti akaziweka kwenye kufuli. Mlango wa stoo ukafunguka.

Fundi hakutoka mara moja. Alisimama kizingitini akiangalia viatu vyake. Zilibaki dakika kumi na mbili, na lilibaki fumbo moja tu, sanduku dogo la barua juu ya kaunta, dogo hata Kidoti angelimaliza peke yake. Hakuna aliyelisogelea.

"Tangu lini?" karani aliuliza.

"Tangu nizaliwe."

"Mimi ni karani, Baba Kidoti. Kazi yangu ni maandishi kutwa nzima. Nimelala na wewe miaka kumi na minne."

"Najua."

"Meseji zangu?"

Karani alianza kujijibu mwenyewe, na kila jibu lilimpiga upya. Alimtumia meseji kila siku, na hakuna hata moja aliyojibiwa kwa maandishi. Mume alipiga simu. "Sitaki maandishi yako, nataka sauti yako," alikuwa akisema, na yeye alikuwa akiwasimulia wenzake ofisini, akijidai, kwamba wanaume wa namna hiyo wamekwisha. Karatasi za hospitali alizijaza yeye. Mkataba wa nyumba aliusoma yeye kwa sauti, mume amefumba macho akisikiliza, na alidhani ni umakini. Mwandiko wako una adabu! Alihisi uso unawaka.

"Meseji nilikuwa namsomea mimi," Kidoti alisema.

"Wewe!"

"Tangu niko darasa la pili. Nilishika namba kumi na tisa, mama. Baba akaniambia nisomee ripoti yako kwa sauti, nataka nikusikie. Nikasema nimekuwa wa pili. Nilikuwa nafanya utani, nilidhani ataangalia karatasi anikaripie. Akanibeba mabegani akanizungusha karakana nzima." Kidoti alifuta pua kwa mkono wa gauni. "Nililia usiku kucha. Kesho yake nikamwambia. Akaniomba nisiseme."

"Meseji zote umesoma?" karani aliuliza, na sauti ilikuwa imepanda bila yeye kutaka. "Hata zile za... hata zile nyingine?"

"Zile niliruka. Nilimwambia mama anasema uwahi kurudi."

Mjomba alitoa mlio kooni, cheko au kwikwi, na akageukia ukuta.

Karani alikaa juu ya mfuko wa barua za uongo. Alitaka kukasirika na hakupata pa kuanzia. Mtoto wake wa miaka saba alibeba siri kuliko umri wake, akaibeba miaka minne, mezani, kitandani, njiani kwenda shule, na yeye mama hakuona. Huyo aliyemdanganya alikuwa amesimama mbele yake, mabega yameshuka, kama mtu aliyeitwa ofisini na hajui kosa lake litapimwa kwa kipimo gani.

"Niliwekwa kwa fundi nikiwa na miaka saba," fundi alisema. "Kushika vyuma wenzangu wakiwa darasani. Nilipopata akili ya kuona aibu, nilikuwa nimeshaota ndevu. Halafu nikaja kurekebisha geti la shule yenu, na wewe ukanisukumia fomu. Unakumbuka? Nikasema mikono ina grisi, nijazie."

"Nilijaza."

"Ulijaza, ukanicheka, ukaniuliza jina la babu yangu linaandikwaje. Nikasema andika unavyoona inafaa. Ningekuambia lini? Kila siku niliyongoja, kesho yake ilikuwa ngumu zaidi."

Saa nyekundu ilifika sifuri ikalia kama kengele ya shule. Mlango mkubwa ukafunguka wenyewe. Msimamizi aliingia, na kawaida yake, ilionekana, ilikuwa kuwapigia makofi hata walioshindwa, kwa sababu mikono ilikuwa imeshakaa tayari. Akaishusha. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilizima sauti mlango wa stoo ulipofunguka," alisema. "Baada ya hapo sijasikia kitu. Nawaahidi."

Alimgeukia fundi.

"Baba, nisamehe. Nilipokuwa natengeneza chumba hiki nilifikiria mfupi asiyefika juu. Nikafikiria asiyeona rangi, mwenye mkono mmoja, mjamzito asiyeweza kuinama. Nilijisifu. Kisha nikatengeneza mahali ambapo mtu mmoja anabaki peke yake na jambo moja, na akiwa halijui hana pa kwenda. Niliandika mara tatu. Mara ya tatu ndipo nilipogundua ninachofanya, na nikashindwa kuinuka kwenye kiti."

"Kitufe kilikuwepo," alisema fundi.

"Kitufe ni cha kukubali kushindwa. Chumba kizuri hakimfikishi mtu hapo kwa kumuaibisha."

Fundi alifikiri. "Bawaba za mlango ule," alisema hatimaye, "zitang'oka kabla ya mwaka. Waambie wazirudie."

Walirudi nyumbani kwa miguu, Mjomba akiwa mbele na Kidoti. Karani alisikia Mjomba akimwambia mtoto kwamba katika vyumba kumi hajawahi kuona fumbo likifumbuliwa vile, na Kidoti akimjibu kwamba hawakushinda. "Hatukushinda," Mjomba alikubali. Alisimama, akamngoja shemeji yake afike. Alitaka kusema kitu juu ya lile neno la Kichina. Fundi akampiga bega mara moja, wakaendelea.

Jumamosi ile yote karani hakusema na mumewe, wala hakumnunia. Alimpa chakula, akakunja nguo, akakaa. Kila kitu ndani ya nyumba kilikuwa na maandishi: pakiti ya majani ya chai, kalenda, chupa ya dawa ya kikohozi, sanduku la viberiti. Alikuwa haamini kwamba mtu anaweza kuishi katikati ya kelele zote hizo na asisikie hata moja. Chupa ya dawa ilimtia baridi. Mara ngapi alikuwa kazini, na fundi ndiye aliyempa mtoto dawa? Akakumbuka kwamba mumewe alikuwa akimpigia simu kila mara kabla ya kumimina. "Nikumbushe tena, vijiko vingapi?" Na yeye alikuwa akimwambia, wewe naye kwa kusahau.

Jumapili asubuhi alimfuata karakana. Fundi alikuwa anapiga msasa geti jipya lililolazwa juu ya stendi mbili, jingine alilolipaka rangi alfajiri likiwa limelazwa juu ya matofali mlangoni, na alipomwona alizima mashine, akavua miwani ya kazi, akasimama.

"Nitajifunza," alisema kabla hajaulizwa. "Lakini si kwako."

"Kwa nini si kwangu? Mimi ndiye mkeo."

"Wewe utanionea huruma. Kidoti hanionei huruma, ananicheka. Jana jioni amenionyesha sita, nimekosea nne, amecheka mpaka akalala chini." Kidogo alitabasamu, kisha akaacha. "Umekuja kuniambia unaondoka?"

"Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Nani mwingine anajua?"

Fundi alichukua kitambaa akafuta mikono, kidole baada ya kidole, ingawa haikuwa na grisi.

"Usinifiche tena," karani alisema. "Jana nimepigwa vya kutosha, kimoja zaidi hakitaniua. Nani?"

"Mama yako."

Karani alidhani amesikia vibaya. "Mama yangu nani?"

"Mama yako mzazi. Siku ya kwanza niliyokuja kwenu. Ulikuwa jikoni. Alinipa barua ya kanisa nimsomee, akasema macho yake hayaoni vizuri. Nilijua ananipima. Nikamwambia ukweli, nikainuka niende zangu. Akanishika shati, akasema kaa. Akasema, mwanangu ni mwepesi wa kudharau, akijua leo atakukataa leo, na kesho atajuta. Ngoja akuzoee kwanza, utamwambia." Alikunja kitambaa. "Kila mwaka ananiuliza kama nimekuambia."

Karani aliketi, kwa sababu hakuwa na namna nyingine. Alikalia kilichokuwa karibu. Akatoa simu, vidole vikikosea namba ambayo aliijua tangu utotoni, akampigia mama yake.

"Mama," alisema. "Baba Kidoti hajui kusoma."

Upande wa pili sufuria iliwekwa chini.

"Amekuambia," mama yake aliuliza, "au umegundua?"

"Nimegundua! Mbele ya watu! Mama, uliwezaje? Miaka kumi na minne! Mimi ni mwanao, mimi!"

"Umegundua," mama alirudia, na sauti yake ilijaa masikitiko makubwa, ila hayakuwa kwa ajili ya binti yake. "Masikini baba wa watu. Mbele ya watu kabisa? Hebu mpe simu, nimpe pole."

"Umpe pole nani?"

"Mwanangu, mpe simu."

Karani aliitazama simu. Alimtazama mumewe. Kisha, akiwa bado hajui kama anataka kucheka au kupiga yowe, alinyoosha mkono akampa.

Fundi aliiweka sikioni kwa adabu, mgongo umenyooka kama mtu aliyesimama mbele ya mkwe wake uso kwa uso.

"Shikamoo mama... Ndiyo mama... Hapana, si kwa ubaya... Kidoti alinisaidia... Ndiyo, alilia kidogo." Alisikiliza muda mrefu. Kisha akainua macho, akamtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu jana hakuyakwepesha. "Hapana mama, hajaondoka. Yupo hapa. Amekaa juu ya geti la watu, na rangi haijakauka."